Sheria Isiyoandikwa: Besiboli katika Jiji la Chicago, 1900–1921

Utangulizi

Tarehe 3 Agosti 1921, jaji mmoja wa Chicago alitoa tamko fupi lililowafungia wachezaji wanane wa besiboli maisha yao yote. Magazeti yalilichapisha tamko hilo, majina ya wanane hao yakajulikana nchi nzima, na mpaka leo wapenzi wengi wa mchezo huo nchini Marekani wanaweza kuyataja bila kufungua kitabu. Katika jiji hilohilo na katika miaka hiyohiyo, wako wachezaji wengine waliofungiwa milango ya ligi kubwa. Hao hawakushtakiwa kwa lolote. Hakuna jaji aliyewasomea tamko, wala hakuna karatasi iliyowekwa saini. Kosa lao lilikuwa rangi ya ngozi zao.

Makala haya yanakusudia kusimulia historia hizo mbili kwa pamoja. Kwa kawaida husimuliwa mbalimbali, kana kwamba zilitokea katika miji miwili tofauti, ilhali viwanja vyenyewe vilikuwa katika eneo moja la kusini mwa Chicago, na mtu angeweza kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tuna sababu yetu ya kuzitazama. Tumezoea kuyachambua maandishi. Ni nadra kujiuliza ni nini hakikuandikwa, na kwa faida ya nani.

Mchezo na msamiati wake

Kwanza, maneno machache kuhusu mchezo wenyewe kwa wasomaji ambao hawajauona. Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Uwanjani mna vituo vinne vilivyopangwa pembe nne. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu ya pili, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo. Akirejea salama kwenye kituo alichoanzia, timu yake hupata pointi moja. Akikosa kuupiga mpira mara tatu, au mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, au mpira ukimtangulia kituoni, hutolewa. Wakitolewa watatu, timu hubadilishana nafasi. Kila timu hupata zamu tisa. Waliocheza raundasi katika shule za msingi hapa Afrika Mashariki watauelewa mchezo huu upesi, kwani michezo hii miwili ni ya ukoo mmoja.

Kiini cha mchezo ni pambano kati ya mrushaji na mpigaji. Kwa sababu hiyo kila kitendo cha kila mchezaji huweza kuhesabiwa na kuandikwa. Hakuna mchezo unaopenda daftari kama besiboli. Wamarekani wanatunza takwimu za mechi zilizochezwa tangu karne ya 19, na ubora wa mchezaji hupimwa kwa takwimu hizo. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana ndilo litakaloturudia mwishoni.

Jiji na timu zake mbili

Mwanzoni mwa karne ya 20 Chicago ilikuwa jiji la pili kwa ukubwa nchini Marekani. Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watu 1,698,575. Ile ya mwaka 1910 ilihesabu 2,185,283. Lilikuwa jiji la reli, viwanda vya chuma na machinjio makubwa, na sehemu kubwa ya wakazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya na watoto wao. Kwa kijana wa Kipolandi, wa Kiayalandi au wa Kijerumani, kuijua besiboli ilikuwa njia mojawapo ya kuwa Mmarekani.

Besiboli ya kulipwa ilikuwapo Chicago tangu zamani. Ligi iitwayo National League ilianzishwa mwaka 1876, na aliyeongoza juhudi hizo alikuwa William Hulbert, kiongozi wa timu ya Chicago. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Cubs, na mwanzoni mwa karne ilicheza upande wa magharibi wa jiji. Mwaka 1900 Charles Comiskey alihamishia Chicago timu yake kutoka St. Paul, akaiweka upande wa kusini, karibu na machinjio, katika uwanja wa mbao kwenye Barabara ya 39. Hiyo ndiyo White Sox, maana yake Soksi Nyeupe. Mwaka 1901 ligi aliyokuwamo, American League, ilijitangaza kuwa ligi kubwa, na White Sox wakawa mabingwa wake wa kwanza.

Mwaka 1906 timu hizi mbili zilikutana katika fainali za World Series. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu za jiji moja kukutana katika fainali hizo. Cubs walikuwa wameshinda mechi 116 kati ya 152. Idadi hiyo ya ushindi ilifikiwa tena mwaka 2001 tu, na timu ya Seattle iliyocheza mechi 162. Nahodha na kocha wao alikuwa Frank Chance, na mrushaji wao mashuhuri alikuwa Mordecai Brown, aliyepoteza kidole utotoni katika mashine ya kukatia majani ya mifugo. Mkono huo wenye kilema ndio uliomwezesha kuupa mpira mzunguko ambao wapigaji walishindwa kuukadiria.

White Sox kwa upande wao walikuwa na wapigaji dhaifu kuliko timu zote za ligi yao. Wastani wao ulikuwa mapigo yaliyofaulu 23 tu katika kila majaribio 100, na magazeti yakawapachika jina la “Maajabu Wasiopiga”. Hata hivyo walikuwa na warushaji hodari, akiwamo Ed Walsh, na walishinda mechi 19 mfululizo mwezi Agosti. Fainali zilianza tarehe 9 Oktoba katika baridi kali. Watu wengi walidhani Cubs wangemaliza kazi upesi. Badala yake White Sox walishinda kwa mechi nne dhidi ya mbili. Shujaa mmojawapo alikuwa George Rohe, mchezaji wa akiba aliyeingizwa kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa. Wahenga walisema usidharau kidogo.

Cubs walijirekebisha, wakatwaa ubingwa mwaka 1907 na mwaka 1908. Baada ya hapo walisubiri miaka 108, hadi mwaka 2016, kuupata tena. Mwaka 1910 Comiskey alifungua uwanja mpya wa chuma na zege ulioitwa kwa jina lake, na ule wa mbao wa Barabara ya 39 ukabaki bila White Sox. Uwanja huo ulioachwa ndio utakaotupeleka kwenye historia ya pili.

Mpaka usiokuwa na bango

Karne ya 19 wachezaji wachache weusi walikuwa wamecheza katika ligi za wazungu. Mmoja wao, Moses Fleetwood Walker, alicheza katika ligi kubwa mwaka 1884 akiwa na timu ya Toledo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 10 Agosti 1883, timu ya Chicago ilipokwenda Toledo kwa mechi ya kirafiki, nahodha wake Cap Anson, mchezaji mashuhuri kuliko wote wa wakati ule, alikataa kucheza ikiwa Walker angekuwamo uwanjani. Wenyeji walishikilia msimamo wao, na kwa kuwa Chicago ingepoteza mapato ya mlangoni, Anson akacheza. Miaka minne baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Mwezi Julai 1887 wenye timu za International League, ligi iliyokuwa chini ya ngazi ya ligi kubwa, walipiga kura kutowapa mikataba mipya wachezaji weusi. Muda si mrefu mlango ukafungwa kotekote.

Katika ligi kubwa mlango huo ulifungwa bila kura na bila kanuni. Wamarekani wenyewe waliyaita makubaliano hayo ya “waungwana”. Wenye timu walielewana tu, na maelewano hayo yakashika kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Kisa cha mwaka 1901 kinaonyesha jinsi yalivyofanya kazi. John McGraw, kocha wa Baltimore, alivutiwa na Charlie Grant, mchezaji mweusi aliyekuwa ameichezea timu ya weusi ya Chicago, Columbia Giants. Ili amwingize kwenye timu yake, McGraw alimtangaza kuwa ni Mhindi Mwekundu wa kabila la Cherokee, akambuni jina jipya, Tokohama. Hila haikufika mbali. Comiskey wa Chicago alikuwa miongoni mwa waliopinga, na Grant hakucheza mechi hata moja katika ligi kubwa. Hapakuwa na kanuni ambayo Comiskey angeweza kuitaja kwa namba na kifungu, wala hakuihitaji.

Rube Foster na American Giants

Andrew Foster, aliyejulikana kwa jina la Rube, alizaliwa Calvert, jimboni Texas, mwaka 1879. Alikuwa mrushaji mwenye umbo kubwa na akili nyingi zaidi ya umbo lake. Mwaka 1907 alikuja Chicago akiwa mchezaji na kocha wa Leland Giants, timu ya weusi iliyoitwa kwa jina la mwanzilishi wake, Frank Leland. Mwezi Oktoba 1909 timu hiyo ilicheza mechi tatu na Cubs, mabingwa wa Marekani wa mwaka uliotangulia. Leland Giants walishindwa zote tatu, lakini mechi zilikuwa za kukaribiana, na pointi ya mwisho katika mojawapo iliingia Foster akiwa bado anabishana na mwamuzi. Aliomba nafasi ya kurudiana. Hakuipata.

Mwaka 1911 Foster aliingia ubia na mfanyabiashara mzungu, John Schorling, aliyekuwa na uwanja ule wa mbao wa Barabara ya 39 ulioachwa na White Sox. Humo ndimo ilimozaliwa timu ya Chicago American Giants. Foster aliwafundisha wachezaji wake besiboli ya mbio na werevu: kuugusa mpira kidogo tu ili uanguke karibu, kisha kukimbia kabla adui hajainama kuuokota. Walisafiri nchi nzima kwa treni, wakacheza popote palipokuwa na uwanja na watazamaji.

Watazamaji nao waliongezeka. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na wakazi weusi 44,103. Mwaka 1920 walikuwa 109,458. Walitoka majimbo ya kusini wakikimbia umaskini na mauaji ya kuning’inizwa mitini, wakifuata kazi za viwandani zilizofunguka wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa mwaka 1905 na Robert Abbott, liliwahimiza waje, na lilichapisha pia habari za American Giants ambazo magazeti ya wazungu yaliziandika kwa nadra.

Kaskazini hakukuwa peponi. Tarehe 27 Julai 1919 kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akiogelea katika Ziwa Michigan. Alivuka mpaka wa majini ambao haukuwa na kamba wala bango, ila kila mkazi wa Chicago aliujua. Alirushiwa mawe na mzungu mmoja, akafa maji. Polisi aliyekuwapo alikataa kumkamata mtuhumiwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na wazungu 15, na zikawaacha zaidi ya watu 500 na majeraha. Familia za weusi zipatazo elfu moja zilikosa makao. Kwa mara nyingine, sheria isiyoandikwa ilikuwa na nguvu ya kuua.

Soksi Nyeupe, Soksi Nyeusi

Miezi miwili tu baada ya ghasia hizo, White Sox walikuwa katika fainali dhidi ya Cincinnati. Walihesabiwa kuwa timu bora. Hata hivyo baadhi yao walikuwa wamekubaliana na wacheza kamari kuuza mechi kwa ahadi ya dola 100,000. Mrushaji Eddie Cicotte alipokea dola 10,000 kabla ya mechi ya kwanza. Katika mechi hiyo alimgonga kwa mpira mpigaji wa kwanza wa Cincinnati, na timu yake ikafungwa vibaya. Fainali za mwaka ule zilikuwa za mechi tisa, na Cincinnati walishinda tano dhidi ya tatu. Mrushaji mwingine wa White Sox, Lefty Williams, alipoteza mechi tatu peke yake. Dickey Kerr, ambaye hakuwamo katika njama, alishinda mbili.

Kwa nini waliuza mechi? Kwa muda mrefu imeelezwa kwamba Comiskey alikuwa bahili na wachezaji walikuwa na njaa. Maelezo hayo yanahitaji kusahihishwa. Uchunguzi wa kadi za mikataba uliofanywa katika karne hii umeonyesha kwamba mwaka 1919 White Sox ilikuwa miongoni mwa timu zilizolipa mishahara mikubwa zaidi. Tatizo lilikuwa jingine. Mikataba ya wakati ule ilikuwa na kipengele kilichoipa timu haki ya kumzuia mchezaji mwaka baada ya mwaka. Asiyeridhika na mshahara hakuweza kuhamia timu nyingine. Alichagua kukubali au kuacha mchezo. Aidha, ndani ya timu yenyewe tofauti zilikuwa kubwa: Eddie Collins, aliyekuwa mwaminifu, alilipwa dola 15,000, ilhali Joe Jackson, mpigaji bora kuliko wote timuni, alilipwa dola 6,000. Wacheza kamari nao walikuwa wamejaa viwanjani miaka mingi bila kubughudhiwa. Sababu hizi zinaeleza, hazihalalishi.

Siri ilidumu karibu mwaka mzima. Mwezi Septemba 1920 baraza la mahakama la wilaya ya Cook lilianza uchunguzi, na tarehe 28 Cicotte na Jackson walikiri. Comiskey akawasimamisha wachezaji hao huku timu yake ikiwa bado inapigania ubingwa. Kesi ilisikilizwa katikati ya mwaka 1921. Kwa kuwa jimbo la Illinois halikuwa na sheria ya kuadhibu uuzaji wa mechi, mashtaka yalikuwa ya kula njama za udanganyifu. Karatasi za awali zenye saini za waliokiri zilikuwa zimepotea, na maelezo yao yakasomwa kutoka katika madaftari ya mwandishi wa hatimkato. Tarehe 2 Agosti wazee wa baraza waliwaona hawana hatia.

Kesho yake Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa ameteuliwa mwezi Novemba 1920 kuwa mkuu wa besiboli yote, alitoa tamko lile tulilolitaja mwanzoni. Kwamba mahakama imewaachia si hoja, alisema. Aliyeuza mechi, au aliyekaa na wauzaji akanyamaza, hatacheza tena. Sehemu hiyo ya pili ilimlenga Buck Weaver, ambaye hakupokea pesa lakini alijua na hakusema. Weaver aliomba asamehewe mara kadhaa katika maisha yake, bila mafanikio. Wengine walikuwa Cicotte, Williams, Jackson, Chick Gandil, Swede Risberg, Happy Felsch na Fred McMullin. Jackson hakujua kusoma wala kuandika. Kwa mtu wa namna hiyo kuhukumiwa na hati alizoweza tu kusomewa na wengine ni jambo la kumfikirisha mwalimu yeyote wa kusoma na kuandika.

Watu waliibadili timu hiyo jina, wakaiita Soksi Nyeusi. Sisi watu wa lugha tusilipite jina hili haraka. Katika jiji ambalo weusi walikuwa wamechomewa nyumba muda si mrefu nyuma, na katika mchezo uliokuwa umewafungia weusi nje, neno “nyeusi” ndilo lililochaguliwa kuwa jina la udanganyifu uliofanywa na wazungu watupu.

Katiba iliyoandikwa usiku

Turudi kwa Foster. Baada ya ghasia za mwaka 1919 aliandika mfululizo wa makala katika Chicago Defender akieleza hatari ya timu za weusi kuendelea bila umoja. Mapato yalikuwa mikononi mwa mawakala wazungu waliopanga mechi, na wachezaji walihama timu katikati ya msimu kila alipotokea mwenye kuongeza dola mbili.

Tarehe 13 Februari 1920 wenye timu walikutana katika jengo la YMCA ya weusi mjini Kansas City. Waandishi wa magazeti ya weusi, wakisaidiwa na mwanasheria, walipewa kazi ya kuandika katiba ya ligi, wakakesha wakiifanya. Ikazaliwa Negro National League yenye timu nane, na Foster akawa rais wake. Tuangalie tofauti. Ligi za wazungu ziliwatenga weusi kwa jambo lisiloandikwa. Jibu la waliotengwa lilikuwa kuandika.

Foster aliiongoza ligi hiyo kwa mkono wa chuma. Alikopesha fedha timu zilizokwama njiani. Alimwachia Oscar Charleston, mmoja wa wachezaji bora waliopata kutokea, arudi Indianapolis ili ligi iwe na ushindani. Wapo waliomlalamikia kwamba yeye ni rais wa ligi, mwenye timu na mpangaji wa mechi kwa wakati mmoja, na malalamiko hayo hayakuwa bure, kwani American Giants walitwaa ubingwa wa miaka mitatu ya mwanzo, 1920, 1921 na 1922. Mwaka 1926 afya ya akili yake iliporomoka, akapelekwa hospitali ya Kankakee. Alifariki humo tarehe 9 Desemba 1930. Ligi aliyoiasisi ilivunjika mwaka 1931, nyingine zikaanzishwa baada yake.

Landis aliendelea kuwa mkuu wa besiboli hadi kifo chake mwaka 1944. Mwaka 1942 alitangaza hadharani kwamba hakuna kanuni yoyote, iliyoandikwa au isiyoandikwa, inayowazuia weusi kucheza katika ligi kubwa. Kuhusu maandishi alisema kweli. Lakini katika miaka yote ya uongozi wake hakucheza mweusi hata mmoja. Jackie Robinson alivunja mpaka huo mjini Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947. White Sox walimpata mchezaji wao wa kwanza mweusi, Minnie Miñoso wa Kuba, mwaka 1951. Cubs walisubiri hadi mwaka 1953, walipowaingiza Ernie Banks na Gene Baker.

Daftari lafunguliwa upya

Foster aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli mwaka 1981. Mwezi Desemba 2020 uongozi wa besiboli ya Marekani ulitambua kwamba ligi saba za weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948, ya Foster ikiwamo, zilikuwa ligi kubwa sawa na nyingine. Mwaka 2024 takwimu zake ziliingizwa katika daftari kuu, na jina la Josh Gibson, mpigaji mweusi aliyefariki mwaka 1947 bila kucheza hata siku moja katika ligi za wazungu, likapanda juu ya jina la Ty Cobb katika orodha ya wastani wa upigaji wa maisha yote. Mechi nyingi za weusi hazikuandikwa magazetini, kwa hiyo daftari hilo bado lina mapengo. Aidha, utambuzi huo unaanzia mwaka 1920. Miaka ya American Giants kabla ya ligi, pamoja na ya Leland Giants, imebaki nje ya hesabu.

Wale wanane nao hawakusahauliwa. Mwezi Mei 2025 mkuu wa besiboli aliamua kwamba kifungo cha maisha kinakoma mtu anapofariki, na majina ya Jackson na wenzake yakaondolewa katika orodha ya waliofungiwa. Ilitosha kufuta maandishi. Kwa waliofungiwa bila maandishi hakukuwa na cha kufuta, ilibidi watafiti wapekue magazeti ya zamani mechi moja moja, wahesabu, ndipo majina yao yaingie.

Hitimisho

Pengine msomaji atauliza, besiboli ya Chicago inatuhusu nini? Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu: mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania. Lakini funzo kubwa liko katika lugha. Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humruhusu msemaji kumficha mtenda. Tukisema “Foster hakusajiliwa”, sarufi yetu ni sahihi kabisa, ila hatujamtaja aliyekataa kumsajili. Tukisema “wachezaji weusi walitengwa”, bado swali linabaki: na nani? Mwanafunzi anapofundishwa kauli hii, afundishwe pia kuuliza swali hilo.

Kila shule, kila ofisi na kila klabu ina mambo yasiyoandikwa. Mengine ni adabu njema. Mengine ni mpaka kama ule wa Ziwa Michigan, usioonekana mpaka mtu auvuke. Namna ya kuyatofautisha ni kudai yaandikwe, kisha kuona kama kuna mwenye ujasiri wa kutia saini. Wenye timu za Chicago hawakupata kutia saini hiyo. Waliomkesha Kansas City walitia saini yao, na karne moja baadaye karatasi yao ndiyo iliyowapa watafiti pa kuanzia.